Kusafiri na mpira wa mkojo: barabarani, kwenye ndege na melini

Mwenye mpira wa mkojo anaweza kupanda teksi, basi, ndege na meli. Mpira wenyewe haumzuii mtu. Safari huharibiwa na mambo mawili: mfuko kujaa mahali pasipo choo, na mkojo kuacha kutiririka bila mwenyewe kugundua mapema. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga mojawapo ya hayo mawili.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye katheta ya kudumu, yaani ile yenye puto ndani ya kibofu, iwe imepitia njia ya mkojo au tumboni juu ya kinena. Ni ya mzee anayesubiri upasuaji wa tezi dume, mama aliyerekebishwa fistula na bado ana mpira, na aliyeumia uti wa mgongo. Wanaojitoa mkojo wenyewe kwa mpira wa kutumia mara moja wana sehemu yao pia.

Hesabu ya mfuko

Anza na hesabu, maana ndiyo inayopanga safari. Mtu mzima anayekunywa maji ya kutosha hutoa mkojo wa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, wastani wa mililita 60 hadi 80 kwa saa. Mfuko wa mguuni huwa wa mililita 350, 500 au 750. Usiuache ujae: ukifika theluthi mbili, umwage. Ukijaa kabisa unavuta mpira kwa uzito wake, unachubua shingo ya kibofu, na kamba zinateleza hadi kwenye kifundo cha mguu.

Kwa hiyo mfuko wa mililita 500 una nafasi ya mililita 330 hivi kabla ya kumwagwa. Kwa mililita 80 kwa saa, hiyo ni muda wa saa 4. Ukinywa chupa kubwa ya maji na chai juu yake, utapata saa 3 tu. Pima nyumbani kwa siku mbili: andika saa unayomwaga na kiasi kilichotoka, ukitumia jagi lenye alama. Namba yako mwenyewe ndiyo ya kutegemea, si hii ya wastani.

Chukua ratiba yako sasa uikate kwa namba hiyo. Tuseme unatoka Kampala kwenda Entebbe na foleni ya barabarani, kisha unafika uwanjani saa 3 kabla ya ndege, kisha unaruka zaidi ya saa 5 hadi Dubai. Vituo vyako vya kumwaga ni hivi: nyumbani dakika ya mwisho, uwanjani kabla ya ukaguzi wa mwisho, ndani ya ndege mara moja au mbili, na mara tu baada ya kutua, kabla ya kupanga mstari wa uhamiaji. Huo mstari wa uhamiaji wengi huusahau. Unaweza kuchukua saa nzima, na ukishauingia ni vigumu kutoka.

Wiki ya kabla ya safari

Kama siku ya kubadilisha mpira inaangukia katikati ya safari, omba ubadilishwe mapema, siku 3 hadi 7 kabla ya kuondoka. Usibadilishe jana yake. Mpira mpya ukileta damu, maumivu au kuvuja, hayo hujitokeza katika siku za kwanza, na ni heri yakukute ukiwa karibu na mhudumu anayekujua. Mpira wa silikoni tupu unaweza kukaa hadi wiki 12. Wa lateksi (ule wa kawaida) uliopakwa silikoni hutegemea aina, kwa hiyo fuata tarehe uliyoandikiwa kwenye kadi, wala usikisie.

Muulize anayekubadilishia jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: puto limejazwa nini? Linatakiwa kujazwa maji yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10, kiasi kinachoandikwa kwenye mkia wa mpira wenyewe, yaani tawi la nje la kujazia puto. Maji ya chumvi huweza kuacha chembe zinazoziba kijia cha puto, kisha puto linakataa kutoka. Hewa ni mbaya zaidi kwa anayepanda ndege, kwa sababu hewa hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Maji hayatanuki hivyo, kwa hiyo puto la maji ni salama angani.

Halafu omba barua. Iwe kwa Kiingereza, yenye muhuri wa hospitali, ikitaja sababu ya kuwekewa mpira, ukubwa wake, kiasi cha maji kwenye puto, tarehe ulipowekwa na tarehe ya kubadilishwa, dawa unazotumia kwa majina yake ya kitabibu, na kwamba utabeba bomba la sindano lisilo na sindano, jeli na maji yaliyotakaswa. Toa nakala 3: moja mfukoni, moja kwenye mkoba wa mkononi, moja kwenye sanduku. Piga na picha ya simu. Kama umefanyiwa upasuaji hivi karibuni, shirika la ndege linaweza kutaka fomu yao ya afya ijazwe na daktari kabla ya kukuruhusu kupanda. Waulize siku unayokata tiketi.

Ukubwa wa mpira usiuache kwenye karatasi peke yake. Mkia wa kujazia puto una rangi: nyeupe ni namba 12, kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18. Ukijua yako ni ya kijani, hata usiyeelewana naye lugha atakuelewa ukimwonyesha. Na wanaume wajue hatari moja: kuna mpira mfupi uliotengenezwa kwa wanawake. Ukiwekwa kwa mwanamume, puto hufungukia ndani ya njia ya mkojo badala ya kibofu na kuipasua. Ukibadilishiwa ugenini, tazama urefu kabla haujaingizwa.

Vitu vya kufungasha

Kwa safari ya siku 10, beba mipira ya akiba 2 ya namba yako, mifuko ya mguuni 4, mifuko mikubwa ya usiku ya lita 2 isiyopungua 3, mabomba ya sindano ya mililita 10 mawili bila sindano, vichupa 3 vya maji yaliyotakaswa, jeli ya ganzi tyubu 2, jozi kadhaa za glavu zilizotakaswa, kamba na plasta za kushikiza, pedi za kulalia, sabuni ndogo, na mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu ya kutupia vilivyotumika. Mfuko wa mguuni hubadilishwa kila siku 5 hadi 7, kwa hiyo miwili ni ya matumizi na miwili ni ya ajali. Ongeza suruali au sketi nyeusi moja kwenye mkoba wa mkononi. Nguo nyeusi haionyeshi unyevu.

Mifuko ya lita 2 inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa. Ile ya mguuni ni shida zaidi kupata ukiwa mikoani, kwa hiyo inunue Kampala: zunguka maduka ya dawa ya Wandegeya, karibu na hospitali ya Mulago, au William Street. Usiikubali kwa kuiangalia tu. Fungua koki ya kumwagia iliyo chini ya mfuko na kuifunga mara kadhaa kwa mkono mmoja. Koki ngumu itakutesa kwenye choo cha ndege, na koki legevu itafunguka yenyewe ikigusana na suruali.

Gawa vitu vyote nusu kwa nusu. Nusu iingie mkoba wa mkononi, nusu sanduku. Sanduku likipotelea njiani, bado una vifaa vya siku kadhaa. Mkasi uende kwenye sanduku.

Anayejitoa mkojo mwenyewe anahitaji kuzidisha: mara 5 kwa siku kwa siku 10 ni mipira 50. Aongeze nusu yake, ifike 75, kwa sababu ndege hucheleweshwa na mpira ukidondoka sakafuni hautumiki tena.

Njia ya kufika uwanjani

Kwenye teksi la viti 14 na kwenye basi, tatizo ni magoti. Ukiwa umekaa, mfuko uliofungwa pajani unakuwa karibu usawa mmoja na kibofu, na mkojo unasuasua. Ndiyo maana kwa safari ya kukaa tunapendekeza mfuko wenye bomba refu, wa kufunga kwenye ndama ya mguu, chini ya goti. Hapo mkojo unateremka wenyewe. Hakikisha bomba halijakunjika nyuma ya goti na kamba hazijakaza. Zikiacha mistari mirefu kwenye ngozi, zimebana damu. Mpira nao ushikizwe pajani kwa plasta au kamba yake, ukiachiwa ulegevu kidogo ili ukinyoosha mguu usivutike.

Mavazi yetu yanasaidia. Kanzu huficha mfuko vizuri kuliko suruali yoyote, na chini ya gomesi, lile vazi refu la wanawake, mfuko hauonekani kabisa, ila angalia mshipi: ukifungwa juu ya mpira unaotokea tumboni, unauziba. Jinzi za kubana ziache nyumbani.

Boda ni ya kuepuka. Kukalia kiti kunaweza kuukandamiza mpira, na kila shimo la barabara ni mvuto kwenye kibofu. Ikibidi kabisa kwa mwendo mfupi, mfuko uwe mguu wa kushoto, kwa sababu bomba la moshi la pikipiki nyingi liko kulia na joto lake linayeyusha plastiki.

Kwa basi la mbali, kama la Gulu, Arua au Mbarara, ongea na kondakta kabla ya kuondoka, umwambie una hali ya kiafya na utahitaji kusimama. Usingoje hadi umebanwa. Dereva akisimama abiria wajisaidie au wanunue nyama ya kuchoma, kama pale Lukaya kwenye barabara ya Masaka, shuka umwage hata kama mfuko uko nusu. Beba chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi. Hiyo ni choo chako pasipo na choo: fungua koki, mwaga ndani ya chupa, funika, futa ncha ya koki kwa karatasi safi. Ncha ya koki isiguse mdomo wa chupa wala kitu kingine. Wadudu wa maradhi hupandia hapo.

Kuna mwenye kuona aibu akaamua asinywe maji ili mfuko usijae. Tunamsihi asifanye hivyo. Mkojo mzito hujenga chembechembe za chumvi zinazoziba mpira, na mpira ulioziba ndani ya basi ni mateso makubwa kuliko kusimama vichakani. Kunywa kidogo kidogo, kikombe kwa saa.

Jambo la pili linaloziba mpira ni choo kigumu. Utumbo mpana uliojaa unaukandamiza mpira kutoka nje, mkojo unasimama au unavuja pembeni. Siku za safari watu huishi kwa chapati na rolex (chapati iliyokunjiwa mayai). Anza papai, maharage na mboga za dodo (mchicha) siku kadhaa kabla.

Ukaguzi uwanjani

Entebbe abiria hukaguliwa zaidi ya mara moja, na viwanja vya kuunganishia ndege vina ukaguzi wao. Mpira na mfuko havina chuma, kwa hiyo lango la chuma halitalia kwa ajili yao, lakini mashine inayosoma mwili itaonyesha kitu mguuni na mkaguzi atataka kujua. Mwambie kabla hajakugusa, kwa sauti ya chini: “Nina mfuko wa mkojo mguuni, barua ya daktari ni hii.” Unaweza kuomba chumba cha faragha na mkaguzi wa jinsia yako, na unaweza kuingia na anayekusindikiza. Mkaguzi anaweza kukutaka ujipapase mwenyewe juu ya mfuko, kisha akupanguse viganja kwa kitambaa cha kupimia baruti. Huo ni utaratibu wa kawaida. Usikubali mpira utenganishwe na mfuko. Ukitenganishwa, vijidudu vinapata mlango, na hakuna ukaguzi unaohitaji hilo.

Mwaga mfuko kabla ya kuingia kwenye mstari. Ukipapaswa ukiwa umejaa, unaweza kupasuka kwenye mshono.

Kwenye viwanja vingi vimiminika vya mkononi vina kikomo cha mililita 100 kwa chombo. Tyubu za jeli na vichupa vya maji yaliyotakaswa viko chini ya hapo, hivyo viweke pamoja kwenye mfuko unaoonyesha ndani, barua ikiwa juu. Chupa tupu ya kunywea ipitishe tupu, uijaze baada ya ukaguzi.

Ndani ya ndege

Chagua kiti cha ujiani, karibu na choo, wakati wa kukata tiketi. Ndege za Uganda Airlines za Nairobi na Dar es Salaam mara nyingi ni CRJ900, zenye viti viwili viwili kila upande na sehemu finyu ya mizigo juu. Begi la magurudumu linaweza kuchukuliwa mlangoni likapelekwa chini, kwa hiyo vifaa vya mpira viwe kwenye mkoba mdogo unaoingia chini ya kiti cha mbele. Za safari ndefu, Airbus A330, zina nafasi zaidi. Ukikaa ujiani, mfuko ufungwe mguu wa ndani, ulio mbali na ujia, usigongwe na toroli la chakula.

Kabla ya kupanda, toa hewa kwenye mfuko: uinue kidogo huku umeubana bomba la juu, fungua koki, kandamiza hewa itoke, funga. Entebbe iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo ndani ya ndege linaweza kushuka hadi kama la mlima wa mita 2,400. Hewa iliyobaki mfukoni itatanuka kwa karibu sehemu moja ya sita. Anayeruka kutoka Dar au Dubai, kwenye usawa wa bahari, hewa yake hutanuka zaidi, karibu theluthi. Mfuko wenye hewa nyingi unavimba, unapandisha kamba, na unarudisha mkojo nyuma.

Kwa safari inayozidi saa 6, au ya usiku, unganisha mfuko wa lita 2 kwenye koki ya mfuko wa mguuni, kisha uache koki hiyo wazi. Mfuko mkubwa ulaze ndani ya mkoba wa kitambaa, sakafuni kati ya miguu yako. Kwa njia hii mkojo unashuka moja kwa moja na unaweza kulala. Usiuning'inize kwenye meza ya kiti cha mbele, wala usiuweke mapajani. Uwekwe chini ya kibofu wakati wote, maana mkojo ukipanda juu unarudi kibofuni na vijidudu vyake. Ukiamka, kwanza tazama kama kuna mkojo mpya kwenye bomba.

Koki ya kuziba moja kwa moja kwenye mpira, bila mfuko, wengine huitumia kwa sababu ni ndogo na haionekani. Ifunguliwe kila baada ya saa 3 au 4. Si ya kila mtu: mwenye figo zilizodhoofika au asiyehisi kibofu kikijaa asiitumie bila idhini ya daktari, na asiijaribu kwa mara ya kwanza akiwa angani.

Choo cha ndege ni finyu. Pandisha mguu wenye mfuko kwenye ukingo wa choo, elekeza koki ndani, fungua. Nawa mikono kabla na baada, kwa sabuni. Tembea ujiani kila baada ya saa moja au mbili. Kukaa sana kunagandisha damu miguuni, na kamba zilizobana zinazidisha hatari hiyo.

Majini

Meli ndogo kwanza. Kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kwenye visiwa vya Kalangala, safari ni ya muda wa saa 3 na nusu hivi, kwa hiyo mfuko wa mililita 500 uliomwagwa gatini unatosha. Panda na ushuke taratibu, mkono mmoja ukishika chuma. Wakati wa kuvuka ubao ndipo bomba hunaswa na kitu. Ukifika visiwani, usiingie ziwani. Maji ya Ziwa Victoria yana kichocho, na mwenye mpira amebeba njia ya wazi kuelekea kibofu. Kuoga kwa maji safi yanayotiririka hakuna ubaya, hata ukiwa na mfuko.

Meli kubwa za kitalii, zile za kulala siku 5 au 7, huanzia mbali na kwetu, kwenye bandari kama Durban, au Dubai katika miezi ya baridi ya huko. Ukiwa unafika kwa ndege, fika siku moja kabla ya meli kuondoka. Meli haingoji sanduku lililochelewa. Mambo ya kushughulikia mapema ni chumba, bima, na taka.

Omba chumba cha chini na cha katikati ya meli, ambako meli haiyumbi sana, na kisiwe mbali na lifti. Ukihitaji chumba cha walemavu, agiza mapema kwani ni vichache. Usiku, mfuko mkubwa utundikwe kwenye ubavu wa kitanda, chini ya godoro, usiguse sakafu. Wengi hukuta kitanda hakina pa kutundika: weka mfuko na kishikilio chake ndani ya beseni dogo la plastiki, na meli ikiyumba hautateleza, na ukivuja unavujia beseni.

Meli hizi zina zahanati yenye daktari na wauguzi, ila matibabu yanalipiwa na mara nyingi ni ghali. Mpira wa namba yako wanaweza wasiwe nao, ndiyo sababu ya kubeba akiba. Bima ya safari inapaswa kueleza wazi hali yako ya mpira na kugharamia kuhamishwa kutoka melini. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Vyoo vya meli vinavuta kwa hewa na huziba upesi. Mkojo tu ndio uingie humo. Mifuko, mipira, glavu na pedi vifungwe kwenye plastiki, na uwaombe wahudumu wa chumba ndoo ya ziada.

Sasa dawa za kulewa bahari, na hapa msomaji asimame. Dawa nyingi za kichefuchefu cha mawimbi, za kidonge na za kubandika nyuma ya sikio, hulegeza misuli ya kibofu na kumzuia mtu kukojoa. Kwa mwenye mpira wa kudumu madhara yake si makubwa, ila hukausha mdomo na kumfanya afunge choo. Kwa mwenye tezi dume lililovimba asiye na mpira, au anayejitoa mkojo mara chache kwa siku kwa sababu kibofu chake bado kinafanya kazi kidogo, zinaweza kukifunga kabisa. Muulize daktari wako kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Na ukitapika au kuharisha, maji yanapotea, mkojo unakuwa mzito, hatari ya kuziba inarudi. Kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini.

Melini, maradhi ya kuharisha husambaa haraka kwa sababu watu wengi wanashika vitu vilevile. Jeli ya mikono haiui virusi vyote vya kuharisha. Maji na sabuni ndiyo ya kutegemea, hasa kabla ya kugusa koki yako. Bwawa la maji ya moto liepuke. Bwawa la kuogelea na bahari, muulize daktari; mwenye mpira wa tumboni ambao kidonda chake kilishapona huenda akaruhusiwa, mwenye kidonda kipya hapana.

Wakati wa zoezi la dharura, kila abiria anatakiwa kwenda kwenye kituo chake. Weka kimkoba kidogo mlangoni mwa chumba chenye mfuko 1, mpira 1, bomba la sindano 1, dawa na barua, ukishike kila unapotoka kwa zoezi au matembezi ya bandarini. Bandari nyingine meli hutia nanga mbali na watu hushushwa kwa mashua. Mwaga mfuko kabla ya kupanda mashua hiyo.

Kwa Waislamu wanaokwenda Umra au Hija, swali la udhu huja kila mara. Wanazuoni wengi humhesabu mwenye mpira kuwa mwenye udhuru wa mkojo usiokatika: hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kwa kila swala ya faradhi. Mwone sheikh wako kabla ya safari, umweleze mfuko ulivyo, ili uwanja wa Makka usiwe mahali pa kuanzia kuuliza.

Mkojo ukisimama

Ukiona mfuko mtupu muda wa saa 2 na ulikunywa maji, usingoje. Fuata mpangilio huu: tazama bomba lote kuanzia mwilini, kama limekunjika au umelikalia, shusha mfuko chini zaidi, fungua na ufunge koki, simama, tembea hatua chache, badilisha upande. Jiulize mara ya mwisho ulipata choo lini. Mara nyingi mkojo unaanza kushuka hapo. Ukitenganisha mfuko ili kuweka mpya, nawa mikono na usishike ncha.

Mkojo usipotoka na tumbo la chini linauma au kujaa, hiyo ni dharura. Aliyefundishwa kubadilisha mpira anaubadilisha. Asiyefundishwa awaite wahudumu wa ndege au zahanati ya meli. Mpira usivutwe kamwe puto likiwa na maji, na usikatwe kwa mkasi. Kutoa maji ya puto, chomeka bomba la sindano kwenye mkia wenye rangi, uliache lijazwe lenyewe polepole. Ukivuta kwa nguvu, kijia kinajibana na maji yanakwama.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu ana hatari yake peke yake. Mpira ukiziba, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unaiva na kutoka jasho, pua inaziba. Mketishe wima mara moja, legeza nguo, tafuta kilichoziba, ita msaada. Anayesafiri naye lazima alijue hili kabla ya kuondoka Entebbe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kulieleza.

Mpira wa tumboni ukichomoka, tundu lake linaweza kuanza kuziba ndani ya saa chache. Funika kwa kitambaa safi, uende kwa mhudumu ukiwa na mpira wako wa akiba mkononi.

Mkojo wenye wingu au harufu kali peke yake hauhitaji antibayotiki. Kunywa maji, tazama. Homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiuno, damu nyingi, au mzee kuanza kuchanganyikiwa, hayo ni maambukizi hadi yathibitishwe vinginevyo. Kama daktari alikupa antibayotiki ya akiba, fuata maelekezo yake na umjulishe.

Ukirudi nyumbani na homa ikakushika ndani ya siku chache, kituo cha afya kitawaza malaria kwanza. Pimwa malaria, ndiyo, lakini papo hapo mwambie mhudumu kuwa una mpira, ulitoka safari, na tarehe uliyobadilishwa mara ya mwisho. Omba mkojo upimwe na kuoteshwa maabara kabla ya antibayotiki ya kwanza, na sampuli isitoke mfukoni bali kwenye sehemu ya kuchukulia sampuli iliyo juu ya bomba, au kwenye mpira mpya uliowekwa siku hiyo.